Ufa Katika Unyayo: Matunzo ya Miguu ya Mbwa wa Kazi



Juma lililopita tulizungumza juu ya kuhifadhi mahindi yasiingiwe na dumuzi. Juma hili twatoka ghalani, twaenda kwenye banda la mbwa. Huenda baadhi ya akina mama watauliza, mambo ya mbwa yahusu nini ukurasa wa nyumbani? Jibu ni kwamba yahusu sana. Katika kambi nyingi za polisi na za jeshi, banda la mbwa halipo mbali na nyumba za familia. Mbwa huyo ndiye mwenzi wa baba kazini, na watoto humjua kwa jina. Tena wako wasomaji wetu wa Mbarara wanaofuga mbwa wa kulinda duka, na wengine wa Isingiro ambao mbwa wao hutembea kutwa nzima nyuma ya ng'ombe wa pembe ndefu. Wote hao wana jambo moja la kuwaunganisha: mbwa hufanya kazi kwa pua na kwa masikio, lakini hufika kazini kwa miguu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo tutazungumza juu ya ufa wenyewe hasa, ule unaotokea chini ya unyayo wa mbwa, na ukuta unaoanguka mtu asipouziba.

MBUZI SABA

Miaka michache iliyopita, katika mwezi wa Julai, jirani yangu mmoja ambaye ni askari mwongozaji mbwa aliitwa kwenda katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Wasomaji wa mbali wajue kwamba Nakivale imo katika wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa katika Afrika, kwa kuwa ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Rwanda. Siku hizi wakazi wake wengi ni watu wa Kongo, na Kiswahili husikika huko toka asubuhi hadi jioni. Nchi yenyewe ni ya vilima vyenye nyasi fupi, mawe mengi na migunga yenye miiba. Mwezi wa Julai mvua huwa zimekoma, na ardhi huwa ngumu kama tofali.

Usiku ule mama mmoja mjane, mkimbizi kutoka Kongo, alikuwa ameibiwa mbuzi saba. Mbuzi hao ndio waliokuwa karo ya mwanawe. Taarifa ilifika kituoni asubuhi, na mbwa akashushwa garini karibu na saa tano, jua likiwa kali. Kungoja jioni hakukuwezekana, kwa sababu harufu ya nyayo hupungua upesi juani na penye ardhi kavu.

Mbwa alianza vizuri. Alitoka uani kwa mama yule, akapita shamba la mahindi, akaingia barabara ya changarawe, kisha akaelekea kilimani. Walipofika penye mawe akaanza kuunyanyua mguu wake wa mbele wa kulia. Mwongozaji akadhani ni ukaidi, akamhimiza. Baada ya hatua mia chache mbwa akaketi, akaanza kujilamba. Hapo ndipo mwongozaji alipoona damu juu ya jiwe. Ngozi ya chini ya mguu ilikuwa imepasuka na kubanduka, kipande cha ukubwa wa sarafu.

Katika mkoba wa askari yule hamkuwa na bendeji. Mama aliyeibiwa mbuzi alikuwa amewafuata nyuma. Akafungua kitambaa alichojifunga kichwani, akakirarua vipande viwili, akamwambia, "Afande, mfunge mnyama kwanza. Mbuzi wamekwisha kwenda."

Mbuzi wale hawakupatikana. Mwongozaji alimbeba mbwa wake mgongoni hadi barabarani, mzigo wa kilo zipatazo 30.

Alipokuwa akinisimulia habari hii, jambo lililomuuma zaidi halikuwa jua wala mawe. Siku mbili kabla ya safari ile, mwanawe wa miaka tisa aliyekuwa akicheza na mbwa bandani alimwambia, "Baba, mguu wake una ufa." Baba akajibu kwamba ataangalia baadaye. Hakuangalia. Katika taarifa aliyoiandika kwa mkubwa wake hakusema kwamba mbwa alishindwa kazi. Aliandika kwamba mwongozaji hakukagua miguu ya mbwa kabla ya kuondoka. Kuandika vile ni jambo gumu kwa askari yeyote, na ni kwa sababu hiyo nimeona yafaa tujifunze kutokana na habari yake.

UNYAYO WA MBWA ULIVYO

Tukiugeuza mguu wa mbwa tutaona nyama ngumu zilizovimba, nyeusi aghalabu, ambazo katika makala haya tutaziita vitakia, kwa kuwa kazi yake ni ya mto au takia. Kila mguu una vitakia vinne vya vidole na kimoja kikubwa cha katikati. Miguu ya mbele ina kingine kidogo nyuma ya kifundo, ambacho humsaidia mbwa kujizuia anapoteremka mtelemko au anapokata kona kwa kasi.

Ngozi ya vitakia ni nene kuliko ngozi nyingine yoyote ya mwili wake. Chini yake pana mafuta na nyuzi zinazonyumbuka, ambazo hupokea kishindo cha kila hatua. Mna pia mishipa mingi ya damu, na ndiyo maana kidonda kidogo cha hapo hutoa damu nyingi na kumtisha mwenye mbwa. Zaidi ya hayo, mbwa hana jasho mwilini kama sisi. Tezi zake za jasho zimo hasa katika vitakia hivyo.

Yafaa pia kukumbuka kwamba miguu ya mbele huchukua kama sehemu tatu katika tano za uzito wa mbwa. Kwa hiyo jeraha la mguu wa mbele humlemaza upesi, na huchelewa kupona kwa sababu kila hatua hulifungua upya.

ADUI WA VITAKIA

Katika nchi ya Isingiro na mji wa Mbarara, maadui wakubwa ni hawa wafuatao:

Kwanza, vitu vyenye ncha. Mawe ya vilimani, miiba ya migunga, vipande vya mabati na chupa zilizovunjika karibu na masoko na majalala.

Pili, msuguano. Mbwa anayekimbia sana juu ya changarawe huku akivuta kamba husugua ngozi mpaka ibanduke. Mbwa aliyekaa bandani majuma kadhaa bila mazoezi ndiye huumia mapema zaidi, maana vitakia vyake vimekuwa laini.

Tatu, joto la lami. Hewa ikiwa na joto la nyuzi 25 tu, lami iliyopigwa na jua yaweza kufika nyuzi 50 na zaidi. Askari aliyevaa viatu halijui joto hilo, lakini mbwa alijua.

Nne, ukavu na unyevu. Vitakia vikikauka mno hupasuka. Na banda lenye sakafu ya saruji iliyolowa maji, mkojo na dawa ya kuulia vijidudu huvilainisha na kuviunguza. Mambo hayo mawili yakipishana, maji usiku na ukavu mchana, ufa hautakosa kutokea.

Tano, wadudu. Funza hupenda vumbi la banda lisilofagiliwa, nao huingia katika vidole vya mbwa kama waingiavyo katika vidole vya mtoto. Jike la funza hujichimbia ngozini, huvimba, na mayai yake huanguka chini kwa muda wa majuma mawili hivi. Basi mbwa mwenye funza ni hatari kwa nyumba nzima. Usimtibu mtoto ukamwacha mbwa, wala usimtibu mbwa ukaiacha sakafu. Kupe nao hujificha kati ya vidole, na wengi huwasahau kwa sababu hawaonekani.

Sita, maradhi na lishe duni. Uko ugonjwa wa virusi uitwao distempa ambao huua mbwa wengi, na moja ya dalili zake ni vitakia na pua kuwa vigumu na vinene. Kinga yake ni chanjo. Kadhalika mbwa anayelishwa posho tupu siku zote hukosa protini na madini ya zinki, na ngozi ya miguu yake huwa dhaifu, yenye magamba na nyufa.

HUDUMA YA KWANZA

Mbwa akianza kuchechemea, kunyanyua mguu, kujilamba au kusitasita penye mawe, msimamishe papo hapo. Mbwa wa kazi aliyefundishwa vyema hupenda kumridhisha mwongozaji wake, na ataendelea kutembea na jeraha mpaka liwe kubwa. Kusimama kwake si ukaidi, ni taarifa anayokupa. Kisha fuata hatua hizi kwa utaratibu:

1. Mfunge mdomo. Hata mbwa mpole kabisa huuma anapoumia. Kama huna kifunga mdomo, tumia ukanda wa bendeji: uzungushe mdomoni, uvuke chini ya kidevu, na uufunge nyuma ya masikio. Usimfunge hivyo mbwa anayetapika au anayehema kwa shida, na umwondolee mara tu kazi ikiisha, maana mbwa hupoza mwili kwa kuhema. Mtu mwingine amshike kwa upole na kuzungumza naye.

2. Zuia damu. Weka shashi au kitambaa safi juu ya jeraha, ukandamize kwa mkono kwa dakika tano hadi kumi bila ya kufunua kila mara kutazama. Damu ikilowesha kitambaa, ongeza kingine juu yake.

3. Osha. Chemsha maji, uyaache yapoe, utie chumvi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kila nusu lita. Miminia maji hayo juu ya jeraha mpaka uchafu wote utoke, na ufungue vidole kimoja kimoja uangalie katikati. Ukiwa porini, maji safi ya kunywa yatafaa. Usiuloweke mguu kwa muda mrefu, kwa kuwa ngozi italainika na kubanduka zaidi.

4. Ondoa kilichoingia. Mwiba au kipande cha chupa kinachoonekana kitolewe kwa kibanio kilichosafishwa, kwa kukivuta kuelekea kilikoingilia. Kitu kilichozama ndani sana kiache mahali pake, umpeleke mbwa kwa daktari wa mifugo. Kukichokonoa ni kukizamisha.

5. Tia dawa. Aidini iliyozimuliwa kwa maji safi mpaka iwe na rangi ya chai isiyo na maziwa yatosha. Aidini kali isiyozimuliwa huunguza nyama changa. Kama ngozi imebanduka lakini bado imeshika upande mmoja, usiikate wewe. Irudishe mahali pake, nayo itafunika kidonda mpaka daktari aamue.

6. Funga. Weka kwanza shashi isiyogandamana na kidonda. Ikikosekana, ipake shashi ya kawaida mafuta ya mgando kidogo. Tia pamba nyembamba kati ya vidole, usisahau kile kidole cha juu. Zungusha tabaka la pamba, halafu bendeji, ukianzia vidoleni na kupanda juu kupita kifundo, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Acha ncha za kucha mbili za katikati zionekane. Maliza kwa plasta.

Kosa kubwa la wengi ni kufunga kwa nguvu mno. Bendeji iliyokaza sana huzuia damu, na mguu mzima waweza kuoza kwa ajili ya kidonda kilichokuwa kidogo. Kwa hiyo zitazame zile kucha mbili asubuhi na jioni. Zikiwa zimeachana, au vidole vimevimba au ni baridi, fungua mara moja ufunge upya. Bendeji ibadilishwe kila siku, na ikilowa isingoje siku ya pili. Mbwa akitoka kwenda haja wakati wa umande au mvua, mvishe mfuko wa plastiki juu ya bendeji na uuvue mara arudipo, kwa maana mfuko ukikaa hutunza jasho na kuozesha.

MPELEKE KWA DAKTARI LINI?

Mwone daktari wa mifugo siku ile ile iwapo damu haikomi baada ya dakika kumi za kukandamiza. Iwapo jeraha ni la kina hata nyama au mafuta ya ndani yaonekana. Iwapo kipande cha kitakia kimeachana. Iwapo mbwa hawezi kabisa kukanyaga. Au iwapo ameungua na ngozi imefanya malengelenge. Jeraha linalohitaji kushonwa hushonwa vizuri likiwa bado jipya, katika saa chache za kwanza. Kadhalika ukiona usaha, harufu mbaya, uvimbe unaopanda mguuni, au mbwa amekataa chakula, usingoje. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39 na kidogo. Usimdhanie ana homa kwa kumgusa tu, kwani yeye ni wa moto kuliko sisi siku zote.

Na mtu akiumwa na mbwa katika shughuli hiyo, hata kama mbwa ni wa nyumbani, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kisha aende hospitali bila kukawia. Kichaa cha mbwa kipo katika nchi zetu, na dalili zake zikisha kuonekana kwa mtu, hapana tiba ya kumponya.

YASIYOFAA KABISA

Msomaji wetu mmoja, mke wa askari, ametuandikia kuuliza kama ni kweli kwamba mafuta ya gari yaliyokwisha tumika huponya miguu ya mbwa. Twamjibu kwamba si kweli. Mafuta hayo yana sumu, na mbwa akijilamba huyameza. Mafuta ya taa nayo huunguza ngozi. Majivu, samadi na majani yaliyotafunwa huingiza uchafu katika kidonda kilichokuwa safi. Spiriti huchoma nyama mbichi na kuchelewesha kupona.

Hatari kubwa zaidi imo katika kabati ya dawa za nyumbani. Mama anamwona mbwa akilia kwa maumivu, anamhurumia, anampa kidonge cha parasetamoli, ibuprofeni au diklofenaki. Huruma ni njema lakini dawa ni mbaya. Parasetamoli yaweza kuharibu ini na damu ya mbwa, na hizo nyingine humtoboa tumbo na kumharibu figo, hata kwa kiasi ambacho mtu mzima hakidhuriki nacho. Dawa ya maumivu ya mbwa itolewe na daktari wa mifugo peke yake.

MAPUMZIKO NI DAWA

Kitakia kilichochubuka juu juu hupona kwa juma moja au siku kumi. Kilichokatika sana chahitaji majuma matatu na pengine zaidi. Ngozi mpya huwa ya rangi ya waridi, nyororo na inayong'aa. Kwa macho imepona, lakini kwa kazi bado. Ukimrudisha mbwa mawindoni wakati huo, itapasuka siku ya kwanza na utaanza kuhesabu upya.

Kabla ya kumrudisha, bonyeza kitakia kwa kidole gumba. Asiposhtuka, mtembeze dakika kumi kwenye nyasi, siku ya pili na ya tatu kwenye udongo, kisha changarawe, ukiongeza muda kidogo kidogo kwa juma moja zima. Mbwa wa jirani yangu alikaa majuma manne bila kazi. Mkubwa wake alinung'unika, na alikuwa na haki ya kunung'unika, kwa kuwa kituo kilibaki bila mbwa. Lakini kumfundisha mbwa mwingine huchukua miezi mingi, na majuma manne si kitu mbele ya hiyo.

KINGA: DAKIKA TANO KILA SIKU

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, maana yote tuliyoyasema hapo juu ni kujenga ukuta, na sisi twataka kuziba ufa.

Kila asubuhi kabla ya kazi na kila jioni baada yake, kagua miguu yote minne. Tazama kila kitakia, pitisha kidole kati ya vidole, angalia kucha, linganisha mguu na mguu kwa joto na uvimbe, kisha mwone anavyotembea hatua ishirini. Dakika tano zatosha. Mzoeze mbwa angali mtoto kushikwa miguu, ili siku ya jeraha isiwe vita.

Kucha zikatwe zisiguse chini anaposimama, kwa sababu kucha ndefu huvipotosha vidole na kuhamisha uzito. Nywele ndefu kati ya vidole zipunguzwe, maana hushika matope na mbigiri.

Mazoezi yawe ya kuendelea. Mtembeze kwenye nyasi, udongo, changarawe na mawe kwa zamu, ukiongeza umbali taratibu. Kitakia hukomaa kwa kazi ya kadiri, kama mkono wa mkulima unavyokomaa kwa jembe.

Katika kiangazi, mazoezi yafanywe alfajiri na jioni. Ukilazimika kupita lami, weka mgongo wa mkono wako juu yake kwa muda wa kuhesabu saba. Usipoweza kustahimili, mbwa naye hawezi. Mpitishe majanini kando ya barabara. Katika msako wa mchana, simama kila nusu saa, mpe maji, umkague miguu.

Banda lifagiliwe kila siku. Dawa ya kuoshea sakafu isuuzwe kabisa, na sakafu ikauke kabla mbwa hajarudishwa. Mtengenezee kitanda cha mbao kilichoinuka kidogo ili asilale juu ya saruji yenye unyevu.

Chakula kisiwe posho pekee. Mchanganyie nyama, maini au dagaa, ambao wenzetu wa hapa huwaita mukene, na maji safi yawepo saa zote. Chanjo zitolewe kwa wakati wake.

Mafuta ya mgando kidogo, usiku, hufaa kwa kitakia kilichokauka. Lakini yasipakwe kila siku wala kabla ya kazi, kwa maana kitakia kilicholainika mno hukatika upesi.

JE, VIATU VINAFAA?

Viatu vya mbwa ni vitu vya kweli, si mzaha. Katika mashindano ya Iditarod huko Alaska, Marekani, ambako mbwa huvuta sleji juu ya theluji kwa siku nyingi, sheria humtaka kila mshindani awe na viatu vinane kwa kila mbwa. Lakini mwaka 2001, mbwa wa uokoaji walipofanya kazi katika kifusi cha majengo yaliyoanguka mjini New York, waongozaji wengi waliwaacha bila viatu, ili waweze kushika kifusi kwa vidole na kucha wasiteleze. Wengi walipata mikato na michubuko midogo, wakatibiwa na kurudi kazini.

Funzo ni kwamba kiatu ni chombo cha kazi maalumu. Hufaa penye lami ya moto, penye vigae vya chupa, au kulinda jeraha linalopona. Hakifai penye kuparamia. Chaweza kushonwa kwa turubai nene au ngozi laini na fundi yeyote wa viatu, ili mradi ukanda wake usibane. Mzoeze mbwa kwa dakika tano tano nyumbani, na ukivue mara kwa mara, kwa sababu mchanga ukiingia husugua kuliko barabara yenyewe.

MKOBA WA MWONGOZAJI

Kila mwongozaji awe na mkoba mdogo wenye vitu hivi: shashi safi, pamba, bendeji mbili, plasta, kibanio, mkasi butu, chupa ndogo ya aidini, chumvi iliyopimwa katika karatasi, kifunga mdomo, viatu viwili na chupa ya maji ya mbwa mbali na ya askari. Uzito wake haufiki kilo mbili.

Jirani yangu anao mkoba huo sasa. Ndani yake, pamoja na bendeji mpya, ameweka vile vipande viwili vya kitambaa cha mama wa Nakivale, vimefuliwa na kukunjwa. Alikwenda kumrudishia, mama akakataa, akamwambia avitunze kwa ajili ya siku nyingine. Na kila jioni mwanawe ndiye anayeshika taa wakati wa ukaguzi. Akisema pana ufa, kazi zote husimama mpaka baba auangalie.

Akina mama na watoto wa kambini, nanyi fanyeni vivyo hivyo. Macho yenu yapo bandani saa ambazo askari yuko kwenye gwaride au kwenye lindo. Mkiona mbwa anajilamba mguu, semeni. Na wewe afande, ukiambiwa, usiseme baadaye.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutajibu barua za wasomaji juu ya kuchemsha na kuhifadhi maji ya kunywa wakati wa kiangazi. Hadi hapo, kwaherini.